Paa la Mama: shajara ya ujenzi baada ya kimbunga Hidaya, Mafia

Ijumaa, 3 Mei 2024

Upenu wa nyumba ya Mama umebakiza bati mbili na ubao wa ukingoni. Fundi aliahidi kumaliza kesho. Asubuhi nimempigia simu kumwambia tusimame kwanza, akanijibu, "Sawa dada, hata mimi nimeshashusha ngazi."

Redio haina habari nyingine. Kimbunga Hidaya kiko baharini, mashariki ya Mtwara, na kinakuja pwani. Sisi wa Mafia tumezoea tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa: upepo wa kilomita 40 kwa saa, mawimbi ya mita 2, wavuvi wanavuta vyombo juu, baada ya siku mbili wako majini tena. Safari hii hata sauti ya mtangazaji imebadilika. Mama hana wasiwasi. "Kenneth nacho walisema hivihivi," ananiambia. Ni kweli. Mwaka 2019 watu wa Mtwara walikaa roho juu, Kenneth kikaenda kuangukia Msumbiji. Mwaka 2021 Jobo kikaja moja kwa moja kwetu, kikafika pwani kimeshaishiwa nguvu. Mtu akishaitwa mara mbili akakuta hakuna kitu, mara ya tatu hainuki haraka.

Nimejaza maji ndoo zote na pipa. Mkaa umeingia ndani, unga na mchele uko juu ya kabati, vyeti na hati ya shamba nimevifunga kwenye mfuko wa nailoni. Kaka na wenzake wamelivuta dau hadi nyuma ya mivinje. Juu ya upenu nimepanga mawe na viroba vya mchanga ili bati zisipeperuke.

Jumapili, 5 Mei

Tuko hai sote. Naandika hilo kwanza.

Jana upepo ulianza kwa kusini, na mwanzoni ungedhani pepo za kusi zimewahi tu. Kisha ukaacha kupumua. Upepo tuliouzoea huvuma ukatulia, ukapata nafasi ya kusikia mvua na kuita mtu wa chumba cha pili. Huu ulikuwa sauti moja tu, haishuki. Mvua ilikuja ubavu, ikapenya chini ya mlango na kwenye kila tundu la msumari. Tulikaa chumba cha kati: Mama, mimi, watoto wawili wa dada, na mzee jirani ambaye banda lake lilikwisha mapema. Mama alikuwa akisoma Yasini. Bega lake lilikuwa kwenye bega langu na sikumsikia.

Paa liliondoka kuanzia upenu. Bati ya ukingoni ilianza kupiga kama mtu anayebisha hodi kwa hasira, halafu upenu wote ukanyanyuka kama kifuniko cha chungu, ukalivuta na paa la nyumba. Halikuvunjika, lilifunguka. Kufumba na kufumbua tukawa tunatazama mawingu. Tulijibanza chini ya meza na kitanda, tukafunika watoto kwa jamvi na turubai la dau.

Jambo moja lilituokoa ambalo wazee wamelitaja leo msikitini. Mwezi ulikuwa umekonda, siku chache kabla ya kuandama, na maji yalikuwa bado mafu, yale yasiyopanda sana. Bahari ilipanda kuliko kawaida, wimbi likafika kisimani, lakini halikufika milangoni. Ingekuwa bamvua, siku za maji makubwa, tungekuwa tunazungumza mengine.

Minazi mitatu iko chini, kati ya kumi na minne. Jiko la makuti limelala upande mmoja, zima. Dau limepasuka ubao mmoja. Umeme hakuna, simu haishiki.

Jumanne, 7 Mei

Mtandao umerudi. Ndugu wa Dar es Salaam wamelia kwenye simu, nasi tukalia. Wametuambia barabara ya kusini imekatika Somanga, magari ya Lindi na Mtwara yamekwama.

Asiyewahi kuishi kisiwani hufikiri kimbunga ni siku ile ya upepo. Kwetu ni siku zinazofuata, bahari ikiwa imefungwa. Bati, saruji, misumari, vitunguu, dawa ya presha ya Mama, vyote hupitia Nyamisati, bandari ya upande wa bara, kuja Kilindoni. Chombo kisipovuka, duka linauza kilichobaki kwa bei ya kilichobaki. Leo nimeuliza bati madukani Kilindoni: hakuna. Kila mtu alishauliza kabla yangu. Samaki nao hawapo, maji ya bahari yamekuwa kama chai ya maziwa na wapiga mkuki hawaoni pweza. Shangazi, aliyekuwa na kamba zake za mwani, amekuta vigingi peke yake.

Turubai la dau ndilo paa kwa sasa.

Ijumaa, 10 Mei

Siku nzima nimekagua paa pale lilipoangukia, kwenye mihogo ya jirani, pamoja na fundi. Nataka kuandika kwa urefu, kwa sababu jibu lilikuwa pale chini na tungeliezeka paa jipya bila kulisoma tungerudia kosa lilelile.

Mbao hazikukatika. Kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba bati, karibu zote nzima. Kilichoachia ni viungo. Kila kenchi ilikuwa imepigiliwa kwenye ubao wa juu ya ukuta kwa misumari miwili, na ubao wenyewe umelazwa tu juu ya tofali kwa udongo na saruji kidogo. Paa zima lilikuwa limekaa kwa uzito wake, na tulikuwa tunafikiri hatari ya paa ni kuanguka chini. Upepo wa kimbunga haulisukumi paa chini. Unapopita juu ya bati kwa kasi hulinyonya kwenda juu, na ukishaingia ndani kwa mlango au dirisha lililoachia husukuma kutokea chini. Hapo misumari miwili inang'oka kama jino la mtoto.

Na upenu. Upenu tulioanza kuujenga Februari, kwa hela zangu, ili Mama apate kivuli cha kukaa na wenzake, tuliuunga kwenye kenchi zilezile za nyumba. Ulikuwa mpana na wazi kwa chini, upepo ukaushika kama tanga. Ungekuwa umesimama peke yake ungeondoka peke yake. Badala yake ulishika mkono wa paa na kuondoka nalo. Nimelisema mbele ya Mama, machozi yakanitoka. Akanijibu, "Mwanangu, ulinijengea kivuli. Sasa nijengee paa."

Yale mawe niliyopanga juu ya bati: moja tumelikuta ndani ya ua wa jirani, karibu na pale watoto wanapochezea. Nimeandika kwenye jalada la daftari kwa herufi kubwa: HAKUNA JIWE JUU YA PAA TENA.

Jumanne, 14 Mei

Mbao hazijavuka, na zikivuka hatutaziweza bei. Mjomba amekuja na wazo: ile minazi mitatu iliyolala. Ni ya zamani, aliipanda babu, na mnazi mkongwe una mbao nzuri ukijua pa kupasua. Sehemu ngumu ni ya nje, upande wa gome, na ya shina la chini. Kiini ni laini kama sponji, kinaoza. Ya nje tutatengeneza kenchi na papi, kiini tutakitupa.

Ipo sababu nyingine ya kuharakisha. Mnazi ukiachwa uoze chini, chonga, yule mdudu wa minazi, hutaga humo, na chonga akishazaliana huruka kwenda kutoboa mioyo ya minazi iliyosimama. Kimbunga kimeangusha mitatu. Uvivu wetu ungeweza kumaliza iliyobaki. Vijana wanane wamekuja kwa ujima na msumeno wa mashine wa kuazima. Mama na majirani wamepika wali na dagaa kwa kuni zilizokuwa kwenye jiko lililoanguka.

Jumatano, 22 Mei

Mbao 46 zimepangwa kivulini, kila safu imetenganishwa kwa fito ili hewa ipite. Mjomba anasema zisiguswe kabla ya miezi miwili.

Leo tena kuna kimbunga kingine baharini, Ialy, kimepita mbali na sisi kuelekea upande wa Kenya na Somalia. Watoto wa dada wamelala chini ya meza bila kuambiwa na mtu.

Alhamisi, 30 Mei

Kisima. Wimbi lilikitia chumvi, na kwa wiki tatu maji yake tumeyachota ya kufulia tu, maji ya kunywa tunakinga ya mvua au tunaomba kwa mwenye kisima cha ndani zaidi. Wenzetu wa Jibondo, ambao kisiwa chao hakina maji matamu ya kuchimba, wametucheka kwa upole: hayo ndiyo maisha yao ya kila siku.

Kijana mmoja alitaka kuleta pampu tukikaushe kisima mara moja, maji ya chumvi yatoke. Nimekataa, na namshukuru mwalimu wa jiografia aliyenifundisha miaka mingi iliyopita. Kisiwani maji matamu hayana sakafu. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyo ardhini, mepesi juu ya mazito. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyoinuka juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 zilizozama chini yake. Ukivuta kwa nguvu, unashusha yale ya juu na kuinua chumvi kutoka chini, na hapo umejiharibia kwa mikono yako. Kwa hiyo tunachota taratibu, ndoo ishirini asubuhi, ishirini jioni, tunazimwaga mbali, na tunaiachia mvua ya masika iliyobaki ifanye kazi yake. Choo cha jirani kilifurika, kwa hiyo tumetia klorini na bado tunachemsha.

Mama huonja kila Alhamisi kwa ncha ya ulimi. Leo amesema, "Bado, lakini amepungua ukali," kana kwamba anamzungumzia mtu.

Alhamisi, 20 Juni

Idd imepita. Bati 22 zimevuka, nimezipokea mwenyewe Kilindoni. Nne zimekunjwa pembe, nimezipokea hivyohivyo.

Jambo la minazi linanisumbua zaidi ya bati. Mnazi mmoja kati ya iliyobaki umeanza kukauka kuanzia juu. Siku ya upepo ulisokotwa kichwa, shaha, ule moyo wake, likaumia, na haukuonyesha chochote kwa wiki sita. Kwa hiyo ni minne, imebaki kumi.

Na hiyo kumi haina kitu. Mnazi hubeba umri wote kwa wakati mmoja: karara, kifuko cha maua yake, linapopasuka, chini yake kuna vidaka, chini ya vidaka vitale, kisha madafu, koroma, na nazi zilizokomaa. Kutoka karara hadi nazi ni kama mwaka mzima. Upepo uliangusha ngazi zote hizo kwa siku moja. Siku zile za mwanzo madafu yalizagaa chini, watoto walikunywa mpaka wakachoka, na mgeni angesema kuna neema. Kumbe tulikuwa tunakunywa nazi za Agosti, za Novemba, na za mwaka ujao. Mama anauza nazi kununua sukari, sabuni na dawa. Hakuna fomu ya hasara iliyokuja kijijini ikauliza habari za vidaka. Waliandika nyumba, vyoo na vyombo, ni sawa waandike, lakini ningependa siku moja mtu aje na fomu ya mwaka mzima.

Jumapili, 4 Agosti

Mbao zimekauka vizuri. Mnazi ni mgumu hivi kwamba msumari unapinda, inabidi kutoboa kwanza kwa keekee.

Leo mimi na fundi tumebishana, kwa heshima lakini kwa kirefu. Anaona ninazidisha. "Dada, nimejenga miaka ishirini, kimbunga hakifiki huku. Hiki kimekuja kwa bahati mbaya." Nimemwambia ni kweli vimbunga huwa haba karibu na ikweta, kwa sababu nguvu inayotokana na dunia kujizungusha, ile inayovipa mzunguko, hupungua ukikaribia mstari huo, nasi tuko kama nyuzi 8 tu kusini yake. Ila haba si kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliilaza mikarafuu ya Unguja na kuvunja merikebu za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, bandarini, Pemba ikanusurika. Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi. Na bahari ikiwa ya moto ndiyo chakula chake. Hatujengi kwa ajili ya miaka mitano.

Alinyamaza, akapima ukuta upya, akasema, "Basi tufunge lenta kwanza."

Hivyo ndivyo tulivyokubaliana. Juu ya kuta zote unapita mkanda mmoja wa lenta wenye nondo, na kwenye kila mahali pa kenchi inachomoza nondo nyembamba ya kukunjwa juu ya mbao na kufungwa. Paa litakuwa la pande nne badala ya mgongo wa pande mbili, upepo usipate ukuta wa pembetatu wa kuusukuma. Mwinamo tumeuongeza. Upenu utakuwa na nguzo na kenchi zake, haugusi paa la nyumba hata kwa msumari mmoja.

Alhamisi, 12 Septemba

Kenchi zimepanda zote. Lenta ilikunywa saruji zaidi ya nilivyopiga hesabu, nimeahirisha sakafu.

Jiko tumeliinua kwa siku mbili, na limenifundisha kitu. Siku ya upepo lilipinda likalala lakini halikuachana, kwa kuwa mzee aliyelijenga hakutumia msumari. Boriti na fito zake zimefungwa kwa kamba ya makumbi, yale maganda ya nazi yanayofukiwa kwenye tope la ufukweni miezi mingi, yakafukuliwa, yakapondwa na kusokotwa na akina mama. Kiungo cha kamba kinacheza, msumari hauchezi. Tumenyanyua fremu nzima, tukakaza kamba, tukabadilisha boriti tatu zilizooza. Mikoko haikatwi bila kibali, kwa hiyo tumechukua miti ya shambani. Fundi alisimama akiangalia vile vifungo kwa muda mrefu, kisha akamwomba mzee amwonyeshe. Mzee ana mikono inayotetemeka, ila ikishika kamba inatulia.

Kwenye kenchi za nyumba, pamoja na nondo, tumepitisha kamba ya makumbi pia. Si lazima kihesabu. Mama ameisokota mwenyewe, sikuweza kumwambia haihitajiki.

Jumatano, 9 Oktoba

Bati zimekwisha kupigwa. Kingoni na kwenye mgongo, msumari kila tuta la bati. Katikati, tuta moja ndiyo moja siyo. Tumelala chini ya paa kwa mara ya kwanza tangu Mei 4. Mama hakulala, alisikiliza.

Jumapili, 15 Desemba

Jana kimbunga Chido kimeipiga Mayotte, leo kiko Msumbiji. Picha nilizoziona zinanitoa usingizini: vilima vizima vya mabanda ya bati, na bati hakuna hata moja lililobaki mahali pake. Wale ni jirani zetu wa bahari hii hii, lugha yao ukiisikiliza unashika nusu. Tumewasomea dua baada ya Isha.

Nimepanda ngazi kukagua nondo, moja baada ya nyingine. Mbili zilikuwa zimelegea kwa sababu mbao zimesinyaa. Nimezikaza. Hii itakuwa kazi ya kila mwaka kabla ya masika.

Jumapili, 18 Mei 2025

Masika yanaishia. Kisima kimekuwa kitamu tangu Februari, Mama alikunywa bilauri nzima mbele ya majirani.

Leo amekuja mkwezi. Hizi ni nazi za makarara yaliyopasuka baada ya upepo, za kwanza ambazo hazikuguswa. Amepanda minazi yote kumi, tukasimama chini kuhesabu kwa sauti: sabini na tatu. Zamani mwangulio mmoja ulitupa zaidi ya mia. Mama amezipanga ukutani chini ya upenu, kubwa huku, ndogo kule, akatenga sita zenye macho mazuri za kuotesha miche. Mashimo manne nimeshayachimba, pale ilipokuwa minazi ya babu.

Kilichobaki: komeo za madirisha mawili ya kusini, sakafu, na ubao wa ukingoni wa upenu, uleule ambao fundi alikuwa aje aupigilie Jumamosi ile. Amesema anakuja Jumanne.